Daftari, Lahajedwali, Picha au Programu: Njia Nne za Kuorodhesha Majeshi ya Visanamu

Mkusanyiko wa visanamu vya michezo ya vita haukai ulivyo. Anayepaka rangi jeshi la Wafaransa wa mwaka 1812 atahitaji Warusi wa kupigana nao. Akishawapata Warusi atagundua kwamba mizinga haitoshi upande wowote. Na kabla vanishi ya mizinga hiyo haijakauka atakuwa amevutiwa na kipindi kingine kabisa, pengine kwa skeli (kipimo cha ukubwa wa visanamu) nyingine. Maswali ambayo hapo mwanzo yalijibika kwa kutupa macho rafuni huanza kuwa magumu. Ni wapanda farasi wangapi waliokwisha kukamilika? Wamo katika sanduku lipi? Kijivu kile cha makoti yao kilichanganywa na nini?

Mtu anapofika hapo huamua kuorodhesha kila kitu, na papo hapo hukwama kwenye uchaguzi wa chombo. Wapo wanaotumia daftari, wapo wanaotumia lahajedwali la kompyuta (jedwali la safu na mistari linalojumlisha lenyewe), wapo wanaotegemea albamu ya picha, na wapo wanaohamia kwenye programu zilizotengenezwa kwa kazi ya kutunza makusanyo. Makala hii inazilinganisha njia hizo nne kwa vigezo vilevile, ili kila msomaji azipime kwa mkusanyiko alio nao na kwa tabia yake ya kazi.

Mambo ya kuamua kabla ya kuchagua chombo

La kwanza ni kujua unahesabu nini, na ninaliweka mbele ya yote kwa sababu hakuna chombo kitakachokuamulia. Chukua batalioni ya askari wa miguu wa Ufaransa baada ya amri ya Februari 1808. Kwa maandishi ya amri hiyo, batalioni ilikuwa na kampuni 6 za watu 140 kila moja, yaani watu 840. Anayecheza kwa uwiano wa kisanamu kimoja kwa watu 20 ataiwakilisha kwa visanamu 42, saba kwa kila kampuni. Anayetumia sheria zinazotaka vitako vinne (vibao ambavyo visanamu hubandikwa juu yake) vya visanamu sita sita atakuwa na visanamu 24. Mwenye skeli ya milimita 6 anaweza kuibandika batalioni nzima juu ya kitako kimoja. Wote watatu wana batalioni moja, lakini orodha inayosema tu «batalioni moja» haimsaidii yeyote kati yao kupanga mchezo, na inayosema tu «visanamu 42» haisemi kama vinaweza kugawanywa. Kwa majeshi makubwa ninashauri kila mstari wa orodha uwe kikosi kinachotoka sandukuni pamoja, kikiwa na hesabu mbili: ya vitako na ya visanamu. Kwa michezo ya mapigano madogo, ambapo kila mpiganaji ana jina na silaha yake, mstari mmoja uwe kisanamu kimoja.

La pili ni kuiacha pembeni thamani ya pointi, yaani alama ambazo sheria za mchezo hukipa kila kikosi. Wengi hupenda kuandika kwamba wana jeshi la pointi 2,000, na ni kweli kwamba takwimu hiyo hufurahisha, lakini pointi hubadilika kila sheria zinaporekebishwa na visanamu hubaki vilevile. Orodha iliyojengwa juu ya pointi huzeeka bila mwenyewe kugusa kitu. Ukubwa wa kitako, kinyume chake, ni lazima uandikwe. Mchezo wa Warhammer uliokuwa ukitumia vitako vya mraba ulihamia kwenye vya duara mwaka 2015 kwa kuja kwa Age of Sigmar, na ulipofufuliwa kwa sura ya The Old World mwaka 2024 vitako vya mraba vilirudi, ila askari wa kawaida wa kibinadamu waliokuwa kwenye milimita 20 sasa hukaa kwenye 25. Mwenye kuandika vipimo tangu mwanzo anajua ndani ya dakika moja ni vikosi vingapi vinahitaji vitako vipya au trei za kuviongezea upana. Asiyeandika atafungua kila sanduku na rula mkononi.

La tatu linasahaulika zaidi, nalo ni kwamba kikosi kimoja kinaweza kuwa cha majeshi mawili. Wapanda farasi wepesi wa Numidia walikuwa upande wa Hannibal, jemadari wa Karthago, kule Cannae mwaka 216 KK, na kule Zama mwaka 202 KK wale waliomfuata Masinissa, mfalme wao, walikuwa upande wa Roma. Mpakaji mwenye busara hupaka kundi moja na kulitumia kote kuwili. Akiorodhesha jeshi la Karthago kwenye ukurasa mmoja na la Roma kwenye mwingine, na Wanumidia wakaonekana kote, jumla yake itakuwa ya uongo. Wakionekana upande mmoja tu, atadhani upande wa pili una upungufu na huenda akanunua asichokihitaji.

Yanayobaki ni mepesi. Chagua majina machache ya hatua za kazi na usiyabadilishe: haijaunganishwa, imeunganishwa, imepigwa praima (rangi ya msingi), inapakwa, imekamilika. Na kila sanduku lipewe namba iliyoandikwa ubavuni, si juu ya kifuniko, kwa sababu masanduku hupangwa moja juu ya jingine na vifuniko hubadilishana.

Vigezo vya ulinganisho

Nimetumia vigezo vitano. Cha kwanza ni uingizaji, yaani taabu ya kuandika kikosi kipya kinapotoka mezani, kwa kuwa orodha isiyoandikwa siku hiyo mara nyingi haiandikwi tena. Cha pili ni utafutaji: orodha inajibu maswali ya namna gani, na kwa haraka kiasi gani. Cha tatu ni kumbukumbu ya rangi, ambayo humwezesha mtu kuongeza kampuni mpya kwenye kikosi cha zamani bila tofauti kuonekana. Cha nne ni kudumu, na cha tano ni ushahidi, kwa maana ya kuweza kumthibitishia mtu wa bima, mnunuzi au mrithi kwamba vitu hivyo vipo na viko katika hali gani. Mwishoni mwa kila njia nimesema inamfaa nani.

Daftari na kadi

Uingizaji. Hakuna njia iliyo karibu zaidi na meza ya kupakia rangi. Daftari hukaa kando ya kikombe cha maji, na mtu mwenye rangi vidoleni hahitaji kugusa simu wala kibodi. Udhaifu wake ni kwamba daftari hufuata mpangilio wa wakati, ilhali majeshi hayakui kwa mpangilio huo: kikosi cha Prussia kilichopakwa leo kitaangukia kati ya kurasa za Wasamurai. Tiba ni kutenga ukurasa mzima kwa kila kikosi na faharasa mwanzoni, au kuachana na daftari na kutumia kadi ngumu zinazopangika upya ndani ya kisanduku.

Utafutaji. Hapa karatasi hushindwa mapema. Kwa vikosi 20 mtu hufunua na kuona; kwa vikosi 150 vilivyotawanyika kwenye skeli tatu, swali la ni wapiga mishale wangapi wa milimita 15 waliokamilika linahitaji jioni nzima na penseli, na jibu lake halitumiki tena mwezi unaofuata.

Kumbukumbu ya rangi. Karatasi ina uwezo ambao njia nyingine haziwezi kuufikia. Unaposhusha brashi kutoka kwenye koti la askari, unaweza kupaka doa la rangi hiyohiyo, mchanganyiko uleule na maji yaleyale, pembeni mwa jina lake. Miaka ikipita, doa hilo linakuwa kipimo halisi cha kulinganishia, si maelezo ya kipimo. Faida hii inaonekana zaidi watengenezaji wanapobadilisha majina. Citadel ilipanga upya rangi zake mwaka 2012, na mtu aliyeandika «Boltgun Metal» hakuikuta tena dukani. Iliyochukua nafasi yake iliitwa Leadbelcher. Doa lililo kwenye ukurasa halikuathirika na mabadiliko hayo. Ninashauri doa lipakwe juu ya kipande cha karatasi kilichopigwa praima ileile iliyo chini ya kisanamu, kwa kuwa rangi nyepesi juu ya praima nyeusi na juu ya nyeupe si rangi moja.

Kudumu. Daftari halihitaji nenosiri, halihitaji umeme, na mtu yeyote ajuaye kusoma atalielewa. Lakini lipo moja tu, na linaishi mahali penye vikombe vya maji. Andika kwa penseli au kwa wino usioyeyuka, na upige picha kurasa zake mara kwa mara.

Ushahidi. Ni wa wastani. Kurasa zenye tarehe na risiti zilizobandikwa zina uzito, lakini hazionyeshi hali ya kisanamu.

Inamfaa nani. Inamfaa mwenye jeshi moja au mawili, anayejali ufundi wa rangi kuliko takwimu, na ambaye huchoka na kompyuta baada ya kutwa nzima ya kazi. Anayemiliki vipindi vingi itamwelemea, ijapokuwa bado anaweza kuitumia kama kitabu cha rangi peke yake.

Lahajedwali

Uingizaji. Mstari mmoja huandikwa kwa muda mfupi iwapo safu zimepangwa vizuri tangu mwanzo. Zinazotosha kwa wengi ni kipindi, jeshi, kikosi, aina ya askari, skeli, mtengenezaji, malighafi, idadi ya vitako, idadi ya visanamu, ukubwa wa kitako, hatua, namba ya sanduku na maelezo. Kwa tatizo la Wanumidia, ongeza safu moja ya majeshi mengine yanayokitumia kikosi hicho, na kikosi chenyewe kibaki mstari mmoja tu. Mtu huvutwa na tamaa ya kuongeza safu zaidi, kama vile aina ya gundi au siku ya kuanza kupaka, na ninamshauri aikatae, kwa sababu safu ambayo haijazwi kila mara humfanya mwenye orodha asiiamini hata ile iliyojazwa.

Yapo mambo matatu madogo yanayoharibu lahajedwali la visanamu kuliko malahajedwali mengine, na yote yanazuilika. Ukiandika skeli ya 1/72 kwenye seli ya kawaida, programu nyingi huiona kuwa tarehe na kuigeuza kuwa Januari 1972. Safu ya skeli ipewe umbizo la matini kabla ya kuandika chochote, kwa kuwa tarehe ikishazaliwa, kubadilisha umbizo baadaye hakurudishi ulichoandika. Namba za rangi nazo hupata ajali kama hiyo. Rangi nyeusi ya Vallejo yenye namba 70.950 hugeuka kuwa 70.95, kwa sababu programu inaiona kuwa desimali na kuikata sifuri ya mwisho. Jambo la tatu ni tahajia: «15mm», «15 mm» na «mm 15» ni kitu kimoja kwa msomaji na vitu vitatu kwa kompyuta, na jumla itakayotolewa itakuwa pungufu bila onyo lolote. Weka orodha ya kuchagulia kwenye safu za skeli, hatua na aina, ili usiandike kwa mkono maneno yanayojirudia.

Utafutaji. Hii ndiyo nguvu kuu ya lahajedwali. Kuchuja kwa safu mbili au tatu hujibu karibu kila swali la kupanga mchezo, na fomula ya SUMIFS hutoa jumla ya visanamu vilivyokamilika kwa kila jeshi, ikijirekebisha yenyewe kila hatua inapobadilishwa. Ukurasa wa pili wa muhtasari unaweza kuonyesha kwa kila kipindi ni vingapi vimekamilika na vingapi vinasubiri. Taarifa hii ya mwisho ina thamani kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu humwonyesha mtu, kabla hajanunua sanduku jingine, kwamba tayari ana mizinga sita isiyopakwa.

Kumbukumbu ya rangi. Hubeba majina na uwiano wa mchanganyiko vizuri, na haibebi rangi yenyewe. Kujaza seli kwa rangi inayofanana hakusaidii, kwa sababu kila kioo huonyesha kivyake. Andika mtengenezaji, jina na namba vyote vitatu.

Kudumu. Ni kuzuri, kwa sharti la nakala rudufu. Faili likihifadhiwa pia kwa muundo wa CSV, ambao ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, litaendelea kusomeka hata programu iliyolitengeneza ikitoweka. Muundo huo hauhifadhi fomula, kwa hiyo uwe nakala ya pili, si ya pekee.

Ushahidi. Safu za bei na tarehe ya ununuzi hutoa hesabu ya thamani, jambo ambalo daftari hulifanya kwa taabu. Lakini lahajedwali ni madai ya mwenye mali mwenyewe, na bila picha linabaki kuwa madai.

Inamfaa nani. Linamfaa mwenye mkusanyiko wa kati au mkubwa, wa vipindi na skeli kadhaa, ambaye maswali yake mengi ni ya idadi na mahali. Mtu asiyekaa mbele ya kompyuta kwa hiari yake ataliacha nyuma kwa miezi, na lahajedwali lililoachwa hudanganya kwa ujasiri zaidi kuliko daftari lililoachwa, maana jumla zake bado zinaonekana nadhifu.

Albamu ya picha

Uingizaji. Kupiga picha ni haraka, na kuzipa majina ndiko kunakokula muda. Picha iliyobaki na jina ililopewa na simu haisaidii. Mbinu inayofanya kazi ni kuweka kipande cha karatasi chenye jina la kikosi na namba ya sanduku ndani ya picha yenyewe, mbele ya vitako, pamoja na rula; hapo hata faili likipoteza jina, maelezo hayajapotea. Piga mbele na nyuma, kwa umbali uleule na mandhari ileile ya kijivu kila mara. Nyuma ni muhimu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu mikoba, vifuko vya risasi na mikunjo ya makoti ndiyo sehemu zinazosahaulika kikosi kinapoongezwa.

Utafutaji. Kwa macho, albamu haina mpinzani. Mtu anayepanga meza ya mchezo hupitisha kidole kwenye simu na kuona vikosi vyote vya Austria kwa pamoja, akitambua mara moja ni vipi vinafanana kwa mtindo wa upakaji. Kwa idadi, ni dhaifu: picha haijumlishi. Folda za kipindi na jeshi husaidia, lakini hapa tatizo la kikosi cha majeshi mawili hurudi, ila kwa programu za picha zinazoruhusu lebo, ambapo picha moja inaweza kubeba lebo ya Karthago na ya Roma kwa wakati mmoja.

Kumbukumbu ya rangi. Picha huonyesha matokeo, haionyeshi njia. Mwanga wa taa ya manjano huigeuza nyekundu ya koti la Mwingereza kuwa ya matofali, na simu hujirekebisha yenyewe kwa namna isiyotabirika. Suluhisho ni rahisi na ninalipenda sana: kikosi kikikamilika, kipigwe picha moja pamoja na chupa zote zilizotumika, zikiwa zimepangwa kwa utaratibu wa kutumika, majina yakielekea kamera. Picha hiyo moja huchukua nafasi ya aya nzima ya maelezo.

Kudumu. Picha huishi pale tu zinapohamishwa kutoka kwenye simu. Zihifadhiwe zikiwa faili asilia, kwa sababu programu za kutumiana ujumbe kwa kawaida hubana picha na kuondoa data za tarehe zilizomo ndani yake, na nakala iliyopita huko imepungua thamani kama kumbukumbu.

Ushahidi. Hapa albamu inazizidi njia zote. Inaonyesha kuwapo, inaonyesha hali, na inaonyesha kiwango cha upakaji, ambacho ndicho hutofautisha bei ya jeshi moja na jingine. Inasaidia pia kufuatilia uharibifu. Visanamu vya zamani vyenye madini ya risasi kwa wingi, vikikaa kwenye kabati la mbao zinazotoa mvuke wa asidi kama mwaloni, vinaweza kuota unga mweupe unaokula metali yenyewe, na ulinganisho wa picha za miaka miwili humwonyesha mwenyewe kwamba unga ule haukuwapo. Kwa sababu hiyohiyo safu ya malighafi haifai kuachwa katika orodha yoyote ya maandishi.

Inamfaa nani. Inamfaa mpakaji ambaye kila kisanamu kwake ni kazi ya kipekee, mcheza mapigano madogo mwenye wapiganaji wachache wenye sura zao, na yeyote anayefikiria kuuza au kuacha urithi.

Programu maalumu na hifadhidata

Hapa kuna vitu viwili vinavyochanganywa, na lazima vitenganishwe kwanza na kitu cha tatu. Programu za kupanga majeshi kwa pointi, ambazo wachezaji wengi tayari wanazo simuni, si orodha za mali. Zinajua jeshi linaruhusiwa kuwa na nini. Hazijui wewe una nini wala kipo sanduku gani. Zinazohusika hapa ni programu za simu zilizotengenezwa kwa kutunza makusanyo, na hifadhidata ambayo mtu huijenga mwenyewe, kwa mfano kwa LibreOffice Base au Microsoft Access.

Uingizaji. Programu ya simu huongoza mkono: fomu iko tayari, picha huingia palepale, hatua huchaguliwa kwa kugusa. Baadhi husoma msimbo wa mistari wa sanduku, jambo linalofaa kwa bidhaa mpya na lisilofaa kitu kwa kisanamu kilichokwisha pakwa, kwani hakina msimbo tena. Hifadhidata ya kujengewa nyumbani inahitaji kazi nyingi kabla mstari wa kwanza haujaandikwa.

Utafutaji. Hifadhidata iliyopangwa vizuri inashinda lahajedwali kwenye jambo moja, nalo ni mahusiano. Vikosi hukaa kwenye jedwali lao, majeshi kwenye lao, na jedwali la tatu huunganisha, hata Wanumidia wakaonekana kwa Karthago na kwa Roma huku wakihesabiwa mara moja tu. Rangi nazo zikiwa na jedwali lao, unaweza kuuliza ni vikosi vipi vilitumia rangi ambayo mtengenezaji ameiondoa sokoni. Programu za simu hutofautiana sana katika hili, na nyingi hutoa utafutaji wa kawaida tu.

Kumbukumbu ya rangi. Ni nzuri pale programu inapounganisha chupa ulizo nazo na kikosi ulichokipaka. Udhaifu wa kioo kuonyesha rangi kivyake unabaki uleule.

Kudumu. Hili ndilo la kulitafakari kwa makini. Programu ya simu hutegemea mtengenezaji wake, ambaye anaweza kuacha kuihudumia, kubadilisha masharti au kuanza kutoza ada. Kabla ya kuingiza kikosi cha kwanza, tafuta kitufe cha kutoa data kwa CSV, kitumie kwa majaribio, na uangalie kama picha zinatoka pia. Programu isiyotoa data zako haifai kukabidhiwa kazi ya miaka mingi, hata iwe na sura nzuri namna gani. Hifadhidata ya nyumbani ina hatari nyingine: inaeleweka na aliyeijenga peke yake.

Ushahidi. Ni mzuri, kwa kuwa picha, bei na tarehe hukaa pamoja.

Inamfaa nani. Programu ya simu inamfaa anayeanza sasa, ambaye hana rundo la miaka ya nyuma la kuingiza, na anayefanya kila jambo kwa simu. Hifadhidata inamfaa mwenye majeshi mengi yanayoshirikiana vikosi na anayefurahia ujenzi wenyewe.

Mwongozo kwa hali mbalimbali

Ikiwa una jeshi moja na la pili ndiyo kwanza limeanza, usijenge mfumo mkubwa kuliko mkusanyiko. Kadi zenye madoa ya rangi, pamoja na picha moja ya kila kikosi, zitakutosha kwa muda mrefu, na yote yaliyomo yatahamishika baadaye kwenda kokote.

Ikiwa una vipindi vitatu au zaidi na umeanza kununua kitu ulichokuwa nacho, lahajedwali litakusaidia haraka kuliko njia nyingine. Usijaribu kuingiza kila kitu kwa siku moja. Anza na kilichokamilika, sanduku moja baada ya jingine, na usifunge kifuniko kabla mistari yake haijaandikwa. Rundo lisilopakwa liingie mwisho, kwa makadirio ya sanduku zima badala ya kisanamu kimoja kimoja.

Ikiwa unacheza mapigano madogo na wapiganaji wako wote wanaenea kwenye trei mbili, albamu yenye majina sahihi inatosha. Idadi unaijua tayari. Unachohitaji kukumbuka ni sura na rangi.

Ikiwa ni kikundi cha wachezaji wanaounganisha vikosi vyao kwa mapambano makubwa, chagueni lahajedwali la pamoja mtandaoni, na ongezeni safu ya mmiliki. Kubalianeni mapema kuhusu majina ya hatua na namna ya kuandika skeli, na mtu mmoja apewe jukumu la kuyasimamia. Hapa programu ya simu ya mtu binafsi haifai, hata ikiwa bora, kwa sababu wengine hawaioni.

Ikiwa lengo lako ni bima, mauzo au urithi, picha ni za lazima, na ziambatane na orodha ya maandishi yenye mtengenezaji, malighafi, idadi na bei ya ununuzi. Namba ya sanduku iwe ileile kwenye picha, kwenye orodha na ubavuni mwa sanduku, ili mtu asiyeujua mchezo aweze kuvioanisha bila wewe kuwapo. Nakala moja ya vyote iwekwe nje ya nyumba yenye mkusanyiko.

Na ikiwa tayari una lahajedwali lililokufa miaka miwili iliyopita, jiulize kwanza lilikufia wapi. Kama lilikufa kwa sababu ya uvivu wa kuwasha kompyuta baada ya kupaka, weka daftari dogo mezani la kuandikia yaliyokamilika, kisha hamishia mistari yake mara moja kwa mwezi. Kama lilikufa kwa wingi wa safu, futa zote zilizo tupu kwa zaidi ya nusu, bakiza kikosi, idadi, hatua na sanduku, na anza tena kwa vikosi utakavyovitoa kwa mchezo unaofuata.